Bega la Kushoto

Tarehe 9 Februari

Mwanangu Sindano,

Shangazi yako atacheka akiona bahasha. Mwambie simu na masikio yangu hayapatani tena. Jana alipiga, nikaitikia "ndiyo, ndiyo" mpaka akakata, na hadi sasa sijui nilikubali nini. Kelele za cherehani zimekula masikio, lakini macho na mikono bado ni vyangu. Basi tuandikiane. Dereva wa gari la vifurushi ni mteja wangu, ataleta na kurudisha.

Nilikuona ulivyopanda basi kwenda kwake. Mkono mmoja ulishika begi, mwingine ulishika sketi kiunoni isidondoke. Binti wa fundi! Niligeuka nikajifanya natafuta miwani, nayo ilikuwa usoni. Tangu tumzike mama yako umekwisha, mwanangu, na mimi nilikuwa nakuona kila siku nikajiambia ni majonzi tu, yatapita. Sasa nakuomba umeze dawa, ule chakula, umsikilize muuguzi wa kliniki, usijibishane naye.

Nataka nikushonee gauni. Muuguzi amesema usitazame namba za mzani, atazitazama yeye. Vizuri, hata mimi sitaki namba. Nitumie kamba ya vipimo, kama tulivyozoea hapa nyumbani, kila kipimo na kifundo chake: kifundo cha bega, cha kifua, cha kiuno, cha nyonga, cha urefu. Mwambie shangazi akupime. Usijipime mwenyewe, mtu akijipima huinama.

Kamba yako ya zamani iko kwenye msumari juu ya cherehani, pamoja na yangu. Ya mama yako siioni. Nimeinua kila kitu, hata meza ya kupigia pasi. Nadhani panya wameibeba, na imeniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Baba yako


Tarehe 21 Februari

Shikamoo Baba,

Ulichokubali kwenye simu ni kumshonea shangazi mapazia mapya ya sebuleni. Anayasubiri, na ameshamwambia jirani.

Nimepata kibarua cha nusu siku kwa dobi wa mtaa wa pili, chumba cha pasi. Kuna madirisha mawili, meza ndefu iliyofunikwa blanketi, na benchi la mbao ambalo linanichoma mifupa nikikaa. Nimeanza kuwajua watu kwa mashati yao tu. Huyu anatoka jasho upande mmoja, huyu tumbo lake linasukuma kifungo kimoja hadi kimelegea. Mwenye dobi ni mama mmoja wa maneno. Siku ya kwanza alinitazama akasema, "Wewe mtoto, hata pasi inakuzidi uzito. Ikikuangukia nitasema nini kwa wazazi wako?" Nikamwambia nina mzazi mmoja. Akaniletea chai.

Usiwe na wasiwasi, nakula. Asubuhi maziwa na mayai, saa nne karanga, na mchana shangazi ananifungia chakula cha watu wawili kwenye bakuli lenye kifuniko, nakula kazini. Bakuli linarudi jeupe. Muulize.

Kamba nitaituma. Shangazi ana kazi nyingi wiki hii.

Sindano wako


Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mapazia ya nini tena? Mwambie nitamshonea, ila kitambaa atoe yeye dukani kwake. Ndugu ni ndugu, lakini pazia ni pazia.

Nimefurahi kuhusu bakuli. Mimi pia nakula vizuri, usihangaike. Napika sufuria ile ile kubwa, sijazoea kupika kidogo. Nashona sare za shule mfululizo, na kitambaa cha gauni lako nimeshanunua, bluu iliyokolea yenye vidoti vidogo vyeupe. Kimekunjwa mezani kinaningojea na mimi naingoja kamba. Dada yangu ana kazi gani hiyo isiyoisha? Kumpima mtu ni kitu cha kufanya huku chai inapoa.

Baba yako


Tarehe 16 Machi

Shikamoo Baba,

Kamba hii hapa! Shangazi kanipima jana huku anacheka. Utaona mwenyewe nilivyojaa, hutaamini. Haba na haba hujaza kibaba, na bakuli la shangazi si haba. Shona haraka, nina hamu ya kulivaa.

Sindano


Tarehe 8 Aprili

Mwanangu,

Gauni limo kwenye kifurushi hiki. Usilivae kwanza, soma.

Kamba yako ilifika, nikaiweka kwenye mapaja nikaanza kuipitisha vidoleni, kama kawaida yangu, macho yakiwa dirishani. Nilipofika begani vidole vikasimama. Mwanangu, kwa watu wote nafunga kifundo kimoja cha bega. Kwa mama yako peke yake nilikuwa nafunga viwili, kimoja cha kulia, na kingine chini yake kidogo, cha kushoto. Tulipoanza maisha hatukuwa na duka. Tulikuwa tunashonea kwenye baraza ya watu, na kila asubuhi yeye ndiye aliyebeba kichwa cha cherehani begani, kwa sababu mimi mgongo wangu ulikuwa mbovu. Kila jioni alikirudisha. Bega lile halikuinuka tena. Nguo zake zote nilizishona hivyo, bega la kushoto chini, na hakuna aliyewahi kugundua kwamba limelala.

Wewe ulinakili kila kifundo kwa uaminifu. Kiuno chake, nyonga zake, kabla hajaugua. Basi si panya walioibeba kamba yake.

Sikukasirika. Siku ya kwanza nililala bila kuwasha taa. Siku zilizofuata nikakata kitambaa, nikashona. Ningeweza kukurudishia kamba yako na maneno makali, lakini mikono ilikuwa na hamu ya kuushona mwili ule mara moja tena, nami nikaiachia. Nililia juu ya kitambaa, samahani kama utaona doa karibu na pindo.

Hilo ni gauni la mama yako. Mwili wako sijui uko wapi, umenificha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeshazika mmoja. Niambie ukweli. Unakula?

Baba yako


Tarehe 17 Aprili

Baba,

Sili.

Nimeandika neno hilo nikaliangalia muda mrefu. Bakuli linarudi jeupe kwa sababu nawagawia wenzangu wa chumba cha pasi, nao wanakula haraka sana. Maziwa namwaga kwenye sinki la kufulia. Muuguzi alinipima juzi akiwa amegeuza mzani nisione, lakini uso wake niliuona. Alisema mapigo ya moyo yamekuwa ya polepole mno, na kama nikishuka tena hatanirudisha nyumbani, atanilaza wodini. Nywele zinabaki kwenye kitana. Nasikia baridi mbele ya pasi ya moto. Shangazi nimemwambia yote jana, akalia, kisha akanipiga kofi la mgongo, kisha akalia tena kwa sababu mkono wake ulikutana na mifupa mitupu.

Nisikilize, kwa sababu hili sijamwambia mtu. Mama alipofika pale ambapo koo lilikataa hata maji, na wewe uko dukani, alikuwa ananiambia, "Leta chakula chako, ule hapa." Nikawa nakaa kwenye kile kigoda karibu na kitanda, nakula, na yeye ananitazama. Ananitazama mdomo, Baba, halafu koo. Kuna wakati alimeza mate pamoja na mimi. Alikuwa na njaa, na mimi nilikuwa nakula mbele yake, tena nilikuwa nashiba. Siku ya mazishi walinipa sahani. Nilipoweka tonge mdomoni nikamwona ananitazama, na tangu hapo kila nikitaka kumeza namwona.

Nilipoanza kukonda nilijisikia nafuu. Nilijiona kama nalipa kitu. Mifupa ilipotokeza nilijua niko naye bado. Sasa wote mnataka niondoe mifupa hiyo, na mnaniambia ni kupona.

Kamba niliichukua kabla ya kuondoka, nilitaka kitu chake kidogo cha mfukoni. Sikujua kuhusu bega. Nilidhani ulikosea kifundo.

Gauni nimelitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Sijalivaa. Lingenifunika mara mbili.

Binti yako


Tarehe 29 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa. Sikujua. Nilikuwa umbali wa ukuta mmoja, nashona suruali za watu.

Sasa na mimi nikuambie usichokijua. Siku zile nilipofunga duka na kuingia kwake, nilikuwa namuuliza, "Umeshindaje?" Kuna siku alijibu kwa ile sauti iliyobaki, "Leo nimekula." Nikadhani homa imempanda. Nikamuuliza, umekula nini? Akanitajia: wali, maharage, na kipande cha papai. Akasema nimeshiba, usiniletee kitu. Akalala vizuri kuliko siku zote. Na akawa ananiambia hivyo karibu kila jioni, na kila jioni chakula ni kingine. Nilifikiri anaota. Leo ndiyo nimeelewa alikuwa anakula wapi.

Hukumnyima mama yako, mwanangu. Ulikuwa unamlisha. Sasa ukikataa kula, unamfunga mdomo yeye pia.

Najua maneno hayashibishi, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini anza na maziwa. Yakikushinda glasi nzima, kunywa nusu, sinki lisipate hata tone.

Mimi sijambo. Mkanda wangu umelegea kwa uzee wa ngozi, nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Kazi ni nyingi.

Baba yako


Tarehe 12 Juni

Shikamoo Baba,

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nakula, na kula kumekuwa kazi inayonichosha kuliko pasi. Shangazi amehamishia duka lake la vitambaa barazani ili anione. Mwenye dobi naye ameambiwa. Ananikalisha mezani kwake mchana, anasema, "Kijiko, kijiko, usinitazame mimi, mimi siliwi." Kulia na kutafuna kwa pamoja nimejifunza.

Nimeongezeka. Namba siijui, lakini shangazi alipotoka kliniki alipiga kigelegele barabarani, watu wakadhani kuna harusi. Baba, mbona hakuna aliyeniambia kwamba itauma hivi? Tumbo ndilo lililoanza kujaa, mikono bado vijiti, nikawa kama buibui. Miguu ilivimba. Muuguzi akasema ni kawaida, mwili ulioogopa njaa unaweka akiba katikati kwanza, baadaye utagawa. Akaniambia nisijilazimishe kuupenda, nivae nguo zisizonibana, nile, nivute pumzi, nirudi wiki ijayo. Nilishukuru hakuniambia nifurahi.

Lakini mtaani! Kila mtu ana mdomo. "Eeh, umenenepa! Umependeza! Sasa ndiyo mtu!" Muuza mkaa, mama wa mboga, hata yule mzee asiyesalimia. Wanasema kwa mapenzi mema, na mimi natabasamu, kisha naingia stoo ya mashuka nafunga mlango. Nasikia kama wananipongeza kwa kumsahau.

Halafu juzi nilikaa kwenye lile benchi nikafanya kazi asubuhi nzima. Nilipoinuka ndipo nikagundua halikuniuma. Nililitazama lile benchi. Mifupa ile ilikuwa inanikumbusha kila siku bila kuitwa, na sasa imefunikwa. Naogopa siku nitakayoshiba, nikaweka sahani chini, nikaenda zangu, bila kumkumbuka hata kidogo. Itakuja, siyo? Usinidanganye.

Na kitu kingine. Ule mkanda wako ni mgumu kama mbao, niliukataa hata kuuchezea nilipokuwa mtoto. Ngozi ile hailegei. Baba, nitumie kamba yako.

Sindano. (Au jina hilo sasa libadilike? Sindano gani yenye tumbo.)


Tarehe 1 Julai

Mwanangu,

Itakuja. Mimi imeshanijia mara moja, nilikuwa natafuta vifungo vya kijani, na kwa muda wa kutafuta vifungo vile sikuwa mgane. Nilipokumbuka niliumia upya. Lakini alirudi, hakununa. Ndivyo nilivyoona mimi, sina zaidi.

Jina lako haliguswi. Ulizaliwa bonge la mtoto, mkunga alilalamika mgongo. Nilikuita Sindano kwa sababu ya ulimi, ulianza kuchoma watu kabla hujaota meno yote. Mwili ujae ubadilike upendavyo, ulimi naona uko pale pale.

Kuhusu kamba, mganga hajigangi na fundi hajipimi. Aliyekuwa ananipima ni mama yako. Ile iliyo kwenye msumari alifunga yeye, sitaki kuifungua. Usiwe na wasiwasi.

Baba yako


Tarehe 23 Agosti

Shikamoo Baba,

Leo nimelivaa.

Sikupanga. Nilikuwa natafuta kanga nyuma ya mlango, gauni likanigusa uso, nikasema acha nijaribu, litaniambia ukweli kuliko mzani. Likapita kichwani. Nikangoja lidondoke chini kama gunia, halikudondoka. Likakaa kifuani. Likakaa kiunoni, Baba, likanishika pande zote mbili kama mtu. Nikaenda kwenye kioo cha sebuleni.

Shangazi alikuwa anatoka jikoni na chupa ya chai. Aliniona, chupa ikamtoka mikononi. Akaita jina la mama. Hakuita langu. Tulisimama pale, chai inatiririka mpaka chini ya kabati, hakuna aliyeinama kufuta. Nimelia kilio ambacho sikulia msibani. Ni yeye kabisa, shingo, mikono, hata namna kitambaa kinavyokunjamana tumboni. Nilikuwa namtafuta kwenye mifupa, kumbe mifupa ile ilikuwa ya ugonjwa. Mama mwenyewe alikuwa mnene.

Nilikaa nalo siku nzima. Jioni shangazi akaniambia, "Mbona unalivuta vuta begani?" Nilikuwa navuta bila kujua. Upande wa kushoto kitambaa kinazidi, kinaning'inia, kinateleza mkononi. Nimejaribu kulilaza bega langu likae sawa, nikatembea hivyo mpaka jikoni na kurudi. Shingo ikaniuma.

Baba, mimi sikubeba cherehani. Naomba unipandishie bega hili, nilivae hadharani. Nalituma pamoja na kamba mbili. Ile kuukuu ni ya mama, irudishe kwenye msumari wake. Mpya ni yangu, kanipima shangazi, safari hii kweli. Sikuinama.

Namba bado siijui. Muuguzi anasema bado kidogo, na siku nyingine sahani inanishinda. Lakini sinki halipati kitu.

Na wewe hujanijibu kuhusu mkanda.

Sindano


Tarehe 9 Septemba

Mwanangu Sindano,

Kamba zote zimefika. Nimezipitisha vidoleni, yako kwanza. Kifundo cha bega ni kimoja. Nimekitafuta cha pili kwa mazoea, hakipo, nikajua ni wewe.

Gauni nililitandaza mezani nikachukua wembe wa kufumulia. Ni kazi ndogo, mshono wa bega, mwanafunzi wa mwezi mmoja anaweza. Nikaweka wembe kwenye uzi wa kwanza. Nikauondoa. Kesho yake vilevile. Nimefumua nguo za watu maisha yangu yote, mwanangu, lakini bega hilo limenishinda. Lile lilikuwa bega langu, mimi ndiye niliyepaswa kubeba. Nimelikunja gauni nikaliweka kabatini upande wa mama yako.

Nimekukatia jingine. Kitambaa ni kile kile, nilibakiza. Mabega yako sawa, kiuno kwa kamba yako, na ndani ya mishono nimeacha akiba ya kutosha, ukizidi kujaa utaachia wewe mwenyewe. Livae hadharani. Wakikuambia umenenepa, waambie baba yako anajua, ameacha nafasi.

Sasa mkanda. Hauna pa kutoboa tena, matundu yamefika kwenye bamba la chuma. Napika sufuria ile kubwa, napakua sahani mbili, nakaa. Naiangalia ya pili. Kisha namwaga zote mbili, nashona. Nilikuwa nakuandikia "anza na maziwa" huku nyumbani hakuna maziwa. Nimekuficha kama ulivyonificha. Umeuchukua kwangu huo ufichaji, si kwa mama yako.

Omba ruhusa kwa mwenye dobi, siku chache tu. Muulize muuguzi kwanza. Njoo unipime, ufunge kamba mpya, ile aliyonifungia mama yako tuiache ilivyo. Pika chochote. Kisha kaa kwenye kile kigoda, mbele yangu, ule taratibu nikuangalie. Nikiona kinapita kooni kwako, labda na mimi nitameza.

Baba yako